Majina Juu ya Shaba: Kukusanya Tokeni za Wafanyabiashara wa Uingereza wa Karne ya 17

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliopo, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi mliyonipa ya kuzungumza nanyi, hapa London, kuhusu vipande vidogo vya shaba ambavyo wakusanyaji wengi wa sarafu huvipita bila kuvitazama mara ya pili. Havina dhahabu wala fedha, mara nyingi havina sura ya mfalme, na vingi vimesagika kiasi kwamba maandishi yake husomeka kwa taabu. Ni tokeni, yaani vipande vilivyotumika badala ya chenji, ambazo wenye maduka, wenye nyumba za wageni, waokaji mikate, wauza tumbaku na wajane wa Uingereza walizitoa kwa majina yao wenyewe kati ya mwaka 1648 na mwaka 1672. Hoja yangu jioni hii ni moja: tokeni hizi hukusanywa ipasavyo pale mkusanyaji anapomfuata mtu aliyeandikwa juu yake, akajua alikaa mtaa gani, aliuza nini na aliishi na nani. Anayezitafuta kwa ajili ya uhaba wake tu ameshika shaba na kuacha mali.

Sina budi kuanza na chenji, kwa sababu tokeni zilizaliwa na ukosefu wa chenji. Fedha ya Uingereza mwanzoni mwa karne ile ilitengenezwa kwa dhahabu na kwa madini ya fedha, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, shilingi moja peni 12, na peni moja robo-peni 4, yaani robo-peni 960 katika pauni. Sarafu ndogo kuliko zote za fedha, nusu-peni, ilikuwa na uzito wa robo ya gramu hivi, ikipenya kwenye mshono wa mfuko na kupotea; robo-peni ya fedha isingeweza hata kushikika. Kibarua aliyepata shilingi moja hivi kwa siku alihitaji mkate, bia na mshumaa, vitu vilivyouzwa kwa peni na visehemu vya peni, na visehemu hivyo havikuwapo mkononi mwake wala mwa muuzaji. Mtu yeyote aliyewahi kununua kitu dukani Kariakoo akarudishiwa pipi kwa sababu muuzaji hana chenji ataielewa hali ile haraka kuliko msomi wa uchumi.

Serikali ilijaribu, ila kwa namna iliyowanufaisha wakubwa. Mwaka 1613 Mfalme James I alimpa Lord Harington hati ya kutengeneza robo-peni za shaba nyembamba, na baadaye haki hiyo ikapita mikononi mwa watu wengine wa karibu na ikulu. Robo-peni hizo zilikuwa nyepesi mno kwa thamani iliyotajwa, zilighushiwa kwa urahisi, na wananchi hawakuziamini. Toleo la mwaka 1636, ambalo lilipachikwa kipande cha shaba njano ndani ya shaba nyekundu ili kuwashinda waghushi, lilikuwa la ustadi zaidi, lakini imani iliyokwisha kuvunjika haikurudi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Bunge likausimamisha mpango huo mwaka 1644. Kisha, tarehe 30 Januari 1649, Mfalme Charles I akakatwa kichwa, na kwa kifo chake haki ya kifalme juu ya sarafu ikakosa wa kuitetea. Jamhuri iliyofuata ilitoa sarafu za dhahabu na fedha, ikaacha tundu lile lile la chenji bila kuliziba. Wenye maduka wakaliziba wenyewe.

Niseme neno kuhusu mwaka 1648 nilioutaja, maana huwatatiza wengi wanaoanza. Wakati ule, kwa hesabu ya Waingereza, mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo tokeni yenye mwaka 1648 inaweza kuwa ilipigwa Februari ya mwaka ambao sisi leo tunauita 1649, mfalme akiwa amekwisha kuzikwa. Katika mkusanyiko wa tokeni, tofauti ya wiki chache kama hiyo ndiyo hutenganisha kitendo cha kuthubutu mbele ya mfalme aliye hai na kitendo cha kujaza nafasi aliyoiacha.

Mwenye duka hakuwa na mashine ya kupigia sarafu, hivyo aliagiza. Nyingi zilitengenezwa London, na fundi tunayemjua kwa jina ni David Ramage, aliyefanya kazi katika kiwanda cha sarafu cha Mnara wa London hadi alipofariki mwaka 1662. Mteja alitaja jina lake, mji wake na alama aliyoitaka, fundi akachonga mihuri miwili ya chuma, na vidonge vya shaba vikapigwa kati ya mihuri hiyo. Hii ndiyo sababu tokeni za miji iliyo mbali kabisa hufanana mkono, herufi zake zikiwa na miguu ile ile na nyota zake zikiwa na ncha zile zile. Robo-peni nyingi zina kipenyo cha milimita 15 au 16. Nusu-peni, kubwa kidogo, zilienea zaidi katika miaka ya 1660. Peni nzima ni chache, na hupatikana hasa Wales, Chester na Ireland. Uskoti haina tokeni za namna hii kwa kuwa ilikuwa na sarafu zake ndogo za shaba. Katika miaka ya mwisho baadhi ya wafanyabiashara walitaka kutambulika kwa umbo, wakaagiza tokeni za pembe nne, za pembe nane, na hata za umbo la moyo.

Sasa naomba tuitazame kwa makini robo-peni ya mtu aliyeuza viungo na vyakula, maana ni miongoni mwa zinazopatikana mara nyingi. Upande wa mbele, jina lake limezunguka ukingo. Katikati pamewekwa nembo ya chama cha wauza viungo cha London: utepe uliokunjwa kama paa la nyumba, na karafuu tisa, sita juu ya utepe na tatu chini yake. Zote tisa zimewekwa katika nafasi isiyotosha ukucha wa kidole kidogo, na kwenye kipande kilichochakaa hubaki kama vidoa. Sisi tuliolelewa pwani ya Afrika Mashariki tunaitambua karafuu kabla hatujaambiwa, kikonyo chake na kichwa chake chenye meno manne. Hata hivyo, karafuu za nembo ile hazikutoka Unguja wala Pemba, kwani mikarafuu ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Zilitoka visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi walikuwa wameishika biashara yake kwa nguvu, na zilipofika katika mji mdogo wa ndani ya Uingereza zilikuwa zimepita mikono mingi na kupanda bei katika kila mkono.

Tukiigeuza, upande wa pili tunaona jina la mji, na katikati herufi tatu zilizopangwa pembetatu. Herufi ya juu ni ya jina la ukoo. Herufi mbili za chini ni za majina ya kwanza, ya mume kushoto na ya mke kulia. Mimi naiona pembetatu hii kuwa sehemu yenye thamani kuliko zote katika somo letu. Malkia wachache tu ndio walioandikwa juu ya sarafu za Uingereza kabla ya hapo, na ghafla, katika miaka isiyozidi 25, maelfu ya wake wa waokaji, wa washonaji na wa wauza mishumaa wanaingia, kila mmoja kwa herufi yake, juu ya kitu kilichotumika kama pesa. Duka lilikuwa la wote wawili, na shaba ilikiri hivyo. Mume alipofariki, mjane aliweza kuendelea na biashara, na tupo tunaozitafuta kwa bidii tokeni zenye jina la mwanamke kamili, kwa maana nyuma ya kila moja mna mwanamke aliyesimamia kaunta, madeni na wanagenzi bila mtu wa kumsemea.

Alama za maduka ni bahari nyingine. Wakati ambapo wengi hawakujua kusoma na nyumba hazikuwa na namba, duka lilijulikana kwa kibao kilichoning'inia mlangoni, na kibao hicho ndicho kilichochongwa juu ya tokeni: simba, malaika, ufunguo, donge la sukari, wauza tumbaku wakapenda kiko cha udongo, waokaji mizani, wauza dawa mungu Apollo akimuua joka.

Ipo moja ambayo siwezi kuiacha. Katika uchochoro wa Exchange Alley, jirani na soko la wafanyabiashara wakubwa wa London, palikuwa na mkahawa wa kahawa uliojiita kwa jina la Sultani Murad wa Waturuki. Tokeni yake ina kichwa cha sultani mwenye kilemba, na maandishi ya vina yanayomfanya ajisifu kwamba kila alikofika alishinda. Upande wa pili umejaa orodha ya bidhaa: kahawa, tumbaku, sharbati, chai na chokoleti, vyote vikiuzwa rejareja katika uchochoro huo. Mwaka 1662 gazeti la London lilikuwa na tangazo la mkahawa wa Exchange Alley likieleza kwamba unga wa kahawa ulipatikana kwa shilingi 4 hadi shilingi 6 na peni 8 kwa ratili, kufuatana na ubora wake. Rudini kwa kibarua wetu wa shilingi moja kwa siku mpime mwenyewe. Kahawa na sharbati, ambazo kwetu ni vinywaji vya kibarazani na vya sherehe, pale zilikuwa habari mpya, na mwenye mkahawa aliona fahari kuzitangaza kwenye chenji yake. Tokeni hii imesomwa na kuandikwa mara nyingi, hivyo bei yake haishikiki kirahisi, lakini ziko katika makumbusho na anayetaka kuiona ataiona.

Tokeni ilikubalika kwa kadiri mtoaji wake alivyojulikana. Mitaa miwili mitatu kutoka dukani ilikuwa pesa. Maili kumi kutoka hapo ilikuwa kipande cha shaba. Wenye maduka walikuwa na masanduku yenye vyumba vidogo vya kutenganisha tokeni za majirani, na mara kwa mara walipelekeana na kulipana kwa fedha. Nyingine zina maneno ya kueleza kwamba zimetolewa kwa ajili ya chenji ya lazima, nyingine zinaahidi kubadilishwa, na nyingine zinaomba kwa vina zipokelewe ijapokuwa ni shaba tu. Faida ya mtoaji ilikuwa dhahiri, kwa kuwa shaba ile haikufikia thamani iliyotajwa. Na hasara ya mteja ilikuwa dhahiri vilevile pale mtoaji alipofilisika au kufa bila mrithi wa kuzikubali. Mwaka 1665 tauni iliua watu wengi mno London, na Septemba 1666 moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa ya mji ndani ya kuta. Anayechunguza leo anaweza kumkuta mtu mwenye tokeni ya mtaa mmoja kabla ya moto na ya mtaa mwingine baada yake, na hapo kipande cha milimita 16 kinakuwa ushahidi wa familia iliyobeba kilichosalia ikaanza upya.

Miji nayo iliingia, nami sitakaa sana hapo. Bristol ilitoa robo-peni ya mji mwaka 1652, yenye meli na ngome, na miji mingine ikafuata; mahali pengine wasimamizi wa maskini walitoa tokeni ili faida yake iende kwa wahitaji. Ni tokeni za maana, ila hazina jina la mtu, na mimi moyo wangu uko kwa wenye majina.

Mwisho wake ulikuja kwa tangazo la Mfalme Charles II la tarehe 16 Agosti 1672, lililohalalisha nusu-peni na robo-peni mpya za shaba za serikali na kupiga marufuku zile za watu binafsi. Vidonge vya sarafu hizo mpya viliagizwa kutoka Sweden, na nyuma yake aliketi Britannia, mwanamke wa kubuni anayewakilisha nchi yao, ambaye Waingereza waliendelea kumweka kwenye shaba yao kwa karne tatu. Tokeni zikatupwa kwenye droo, kwenye takataka na kwenye mto.

Hamu ya kuziokota tena haikuchelewa. Mwandishi John Evelyn alizitaja katika maandishi yake juu ya medali mwaka 1697, na si kwa upole. Karne ya 19 ndiyo iliyozipa heshima: mkusanyiko wa tokeni za London alioutoa Henry Beaufoy kwa mji ulielezwa na Jacob Henry Burn mwaka 1853, kisha William Boyne akaorodhesha tokeni za nchi nzima mwaka 1858, na George Williamson akaipanua kazi hiyo kati ya 1889 na 1891. Hadi leo mkusanyaji hutaja namba ya Williamson, kaunti kwanza na namba baadaye. Michael Dickinson aliipanga upya orodha mwaka 1986 katika kitabu kimoja ambacho ndicho ningekuwa nacho kama ningeruhusiwa kimoja tu. Mkusanyiko mkubwa wa Emery May Norweb, wa Cleveland nchini Marekani, umechapishwa katika juzuu nane kwa kazi ya miaka mingi ya Robert Thompson, na pale utaona picha na maelezo ya watoaji ambayo hayapatikani pengine. Aina zinazojulikana sasa zimevuka 10,000.

Idadi hiyo ndiyo inayonifanya niwasihi wanaoanza wasijaribu kukusanya Uingereza nzima. Chagueni mahali pamoja, tena padogo. Mimi nilichagua Southwark, ng'ambo ya kusini ya daraja la London, kwa sababu barabara yake kuu ilikuwa imejaa nyumba za wageni zilizopokea wasafiri na mikokoteni kutoka Kent na Surrey, na watoaji wake ni wengi kiasi cha kukuwezesha kuitembea barabara nyumba kwa nyumba. Ukishakuwa na mahali, tafuta daftari za parokia, ambamo pembetatu ya herufi inageuka kuwa ndoa, ubatizo na maziko. Kisha tafuta kodi ya meko, iliyoanza mwaka 1662 na kutozwa shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko. Daftari zake nyingi ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, na idadi ya meko inakuambia ukubwa wa nyumba: muuza mishumaa mwenye meko mawili na mwenye nyumba ya wageni mwenye meko kumi na zaidi waliishi mlango kwa mlango na tokeni zao zina ukubwa ule ule. Wosia, nao, hukupa vitanda, sufuria, madeni na ugomvi. Jioni moja ya kumwona mke aliyekuwa herufi moja tu akitajwa kwa jina lake katika wosia wa mumewe ni malipo makubwa kuliko tokeni adimu iliyonunuliwa mnadani.

Kuhusu kuziokota wenyewe, najua wapo hapa vijana wanaotamani kushuka kwenye kingo za Thames maji yanapokupwa. Tope lile limehifadhi shaba vizuri ajabu, lakini haliruhusiwi kupekuliwa bila kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London, na mashambani hakuna kutumia kifaa cha kutambua chuma bila ridhaa ya mwenye ardhi. Kwa kawaida tokeni moja ya shaba haihesabiwi kuwa hazina chini ya sheria ya mwaka 1996, na kwa hiyo watu hudhani hawana la kufanya zaidi ya kuitia mfukoni. Nawaomba muipeleke kwa maofisa wa mpango wa kitaifa wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa, kwa maana mahali ilipookotwa ndipo panapoeleza ilisafiri umbali gani kutoka mlango wa duka lake. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika ukusanyaji wetu: maelfu ya tokeni zinauzwa mtandaoni, zimesafishwa, zimepigwa picha nzuri, na hakuna hata neno moja la zilikotoka.

Na kwa kuwa nimetaja kusafisha: msizisafishe. Msitumie asidi, ndimu wala brashi ya waya, kwani rangi nyeusi au ya kijani kavu iliyojikita juu ya shaba ndiyo inayoshikilia herufi. Unga wa kijani uliolegea ni jambo jingine. Huo ni ugonjwa wa shaba unaoendeshwa na chumvi na unyevu, na tokeni yenye huo itengwe na nyingine, iwekwe mahali pakavu, ipelekwe kwa mtaalamu. Epukeni vifuko vya plastiki laini ya PVC, ambayo kwa miaka hutoa kemikali zinazoila shaba. Karatasi isiyo na asidi na trei ya mbao iliyofaa zinatosha. Ikiwa maandishi hayasomeki, muwe na subira ya taa: iwasheni kwa ubavuni, chini kabisa, mkizungusha tokeni polepole, na herufi ambayo haikuonekana juani itajitokeza.

Trei ya Southwark iko mezani mbele yenu. Naomba kila kipande kishikwe ukingoni, na kadi iliyo chini yake irudi pamoja nacho, kwa sababu kadi hizo zina majina, parokia na meko niliyoyapata, pamoja na nafasi tupu pale nisipojaza bado. Yeyote mwenye tokeni ya barabara ile, hata iliyopinda au kutobolewa, au anayekumbuka yake iliokotwa upande gani wa daraja, nitakuwa hapa hadi ukumbi utakapofungwa, nami nina kalamu. Asanteni.